Haijakufa, Hamjaifungua

Wasee wa Modogashe, Habaswein, Garissa, na nyinyi wa Eastleigh mnaojifanya mmesahau vumbi la nyumbani: leo sina vichekesho. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni juu ya neno moja. "Imekufa."

Mnalijua. Kompyuta ya mezani imezima ghafla, ukibonyeza haiwaki. Unaita mtu anayejua. Anasimama mlangoni, mikono mfukoni, anaitazama vile watu hutazama mbuzi aliyegongwa na lori. "Hii imekufa. Bodi imeenda. Nunua ingine." Bisibisi haijatoka. Kifuniko hakijaguswa. Hukumu imeshasomwa na watu wameenda kunywa chai.

Skizeni hii.

Abti yangu ana saiba hapa mjini. Ni chumba kimoja cha mabati chenye mashine tatu. Mbili zilikuwa "zimekufa" kitambo, zimegeuzwa rafu: moja inabeba karatasi za printa, ingine inabeba chupa ya chai. Kazi yote ilikuwa inafanywa na ile ya tatu. Kipindi cha KUCCPS, siku ya mwisho ya kurekebisha chaguo za kozi, jirani yetu mmoja, msichana aliyemaliza Form Four, akaja kubadilisha kozi yake. Alikuwa ameweka ya kwanza kwa kubahatisha, sasa amejua anachotaka. Saa tisa mchana, jua la kupasua mawe, mashine ikazima.

Wakabonyeza, ikawaka sekunde mbili, ikazima tena. Wakabonyeza mpaka kidole kikauma. Wakapigia simu fundi wa mbali. Fundi, kwa simu, bila hata kuiona, akasema bodi imekufa, abti atafute elfu ishirini na tano atumiwe ingine. Msichana ana kabambe. Jioni akaazima simu ya mtu, na intaneti ya jioni hapa mnaijua: ukurasa ulizunguka mpaka saa sita usiku, dirisha likafungwa. Kozi ikabaki ile ya kubahatisha.

Mimi nilikuwa safarini, nikarudi siku mbili baadaye. Kabla hata ya kuifungua, nikaichomeka tu kwa soketi na kubonyeza.

Ikawaka.

Ikakaa dakika kumi na moja, ikazima. Hapo nikajua. Nikafungua kifuniko, na wallahi ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mtama. Kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa kilikuwa kimezibwa kabisa, feni inazunguka lakini hewa haipiti. Ile pesti ya joto katikati ya chuma na prosesa ilikuwa imekauka imekuwa unga. Mashine haikuwa imekufa. Ilikuwa imeshikwa na joto, ikajizima yenyewe ili isiungue. Prosesa nyingi zimetengenezwa hivyo: zikikaribia nyuzi 100 zinapunguza kasi, joto likizidi kupanda zinakata. Ule ulikuwa ulinzi, na sisi tukauita kifo.

Kama mtu angeing'oa kwa soketi, akafungua kifuniko, akaiacha ipoe saa moja, halafu akailekezea feni ya mezani, yule msichana angemaliza kazi yake saa kumi na moja jioni. Fikiria hiyo. Kozi ya miaka minne imeamuliwa na vumbi, na mtu aliyesema "imekufa" kwa simu.

Nikageukia ile inayobeba chupa ya chai. Mwaka mzima ilikuwa maiti. Nikafungua plagi, ile ya pini tatu. Ndani kuna fyuzi. Imeungua. Nikaweka ingine ya shilingi ishirini, mashine ikawaka kama hakuna kitu kilitokea. Mwaka mzima, wasee, kwa fyuzi ya bei ya chapati!

Ya tatu, ile ya karatasi, kweli imekufa. Kapasita kwa bodi zimevimba vichwa na zingine zimevuja. Sikatai kwamba mashine hufa. Lakini hata hiyo ilitoa RAM na feni nzima za kusaidia wenzake. Mbili kati ya tatu zilikuwa hai. Hesabu za kwetu ndizo hizo, na nina uhakika ofisi na shule nyingi za huku, ukiingia stoo, utakuta makaburi yamejaa walio hai.

Sasa, najua komenti zinakuja. "Wewe si uliacha chuo, unatufundisha nini?" Ndio, niliacha mwaka wa pili, karo ilishinda familia, sifichi. Lakini wacha niwaambie kitu: mihula yote niliyokaa nikisomea kompyuta, hakuna siku hata moja tulifungua lile sanduku tunaloliita CPU. Tulichora mchoro wake. Tulikariri sehemu zake. Mtihani tukapita. Kufungua nilifundishwa hapa sokoni na mzee mmoja wa kutengeneza redio, adeer ambaye hasomi Kizungu hata mstari, lakini akishika mita yake haongei mpaka mita iongee kwanza. Mara ya kwanza nilimchomea pawa saplai: ilikuwa na ile swichi nyekundu nyuma, nikaiacha kwa 115, na stima ya Kenya ni 240. Ikalia pah! Moshi. Hakunitukana. Akasema tu, "Sasa hautasahau." Sijasahau.

Kwa hivyo hasira yangu haiko kwa mafundi wote. Iko kwa tabia. Na tabia hiyo ina wazazi.

Mzazi wa kwanza ni wale wanaoleta mashine na kuondoka. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptop za watoto wa darasa la kwanza, kufikia 2016 zikaanza kuja tablet. Sawa. Tangu hapo kila mradi unaokuja Kaskazini Mashariki unakuja na kompyuta, utepe, mkasi, picha na sambusa. Uliza swali moja siku hiyo: ikizima, nani ataifungua? Utaona watu wanatazama viatu. Hakuna bisibisi kwa bajeti. Hakuna pesti. Hakuna kijana wa hapa aliyefundishwa. Halafu mwaka wa pili chumba kinafungwa kufuli, na ripoti inaandika eti jamii haikuwa tayari kwa teknolojia. Jamii ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni brashi.

Mzazi wa pili ni joto lenyewe, na sisi kujifanya halipo. Pale Garissa kuna ule mtambo mkubwa wa sola, zaidi ya megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019. Serikali ilijenga pale kwa sababu jua letu ni kali. Basi jua hilo linalotosha kuwashia watu wengi stima mlidhani litasahau kompyuta iliyowekwa sakafuni kwa chumba cha mabati? Feni haitengenezi baridi, inasogeza hewa tu. Chumba kikiwa nyuzi 38, hewa inayoingia ndani ya mashine ni nyuzi 38. Na kapasita, kwa kanuni ya mafundi, kila joto likipanda nyuzi kumi maisha yake yanakatika nusu. Mashine iliyotengenezewa ofisi ya baridi Ulaya, ikatumika miaka yake huko, ikaletwa huku mtumba, inahitaji kutunzwa zaidi. Sisi tunaitunza kidogo zaidi.

Mzazi wa tatu ni sisi wa kontenti. Mimi pia. Vidio ya kufungua boksi jipya inapata watu. Vidio ya kufungua mashine kuukuu inapata watu kumi na wawili, na mmoja ni mamangu. Tumewafundisha kutamani kipya, hatujawafundisha kuokoa cha zamani.

Na wewe unayesema "kompyuta ya mezani ya nini, tuko na simu": tangu Juni 2023 serikali ilipozindua huduma zaidi ya elfu tano kwa eCitizen, maisha yako yako mtandaoni utake usitake. Jaribu kujaza fomu za HELB kwa simu yenye kioo kilichopasuka, ukiwa na stakabadhi sita za kupakia. Jaribu kuandika barua ya kazi. Tena simu ikizima huwezi kuibadilisha RAM. Kompyuta ya mezani ndiyo mashine pekee ambayo maskini anaweza kuitengeneza kipande kwa kipande.

Kwa hivyo, kabla hujatamka lile neno, fanya haya. Hayahitaji digrii.

Kwanza, anza nje. Soketi ina stima? Jaribu na chaja ya simu. Fyuzi ya plagi ni nzima? Kebo ya pawa imeingia vizuri? Swichi ya nyuma iko kwa I au kwa O? Azima kebo ya skrini, jaribu nayo, mara nyingi inaingiliana. Dakika tano, shilingi sifuri.

Pili, ing'oe kabisa kwa soketi, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie nusu dakika, subiri dakika kumi, chomeka tena. Pawa saplai nyingi zikistuliwa na stima inayoruka hujifungia, na hazifunguki mpaka ukate umeme wote. Ndiyo maana ile ya jirani "ilifufuka" baada ya kubebwa mpaka mjini. Haikufufuka. Iling'olewa tu.

Tatu, skiza vile inakufa. Ikikaa dakika kadhaa halafu izime, na ikipoa iwake, hilo ni joto: safisha. Ikiwa kimya kabisa, hakuna taa hata moja, shuku pawa saplai. Ikishtuka sekunde moja na kuzima, kuna kitu kinapiga shoti ndani, ama prosesa bado ni moto: ing'oe, chomoa vitu vyote visivyo lazima, jaribu tena. Feni zikizunguka lakini skrini ni nyeusi, toa RAM, futa meno yake na rababa ya penseli, irudishe mpaka ilie tak.

Nne, kusafisha. Ing'oe kwa stima, gusa chuma cha sanduku kwanza ili mwili wako usirushe umeme. Tumia brashi laini na pampu ya mpira, usipulize na mdomo, mate ni maji. Shikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Pesti ya zamani ifute na spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu. Halafu iweke mezani, mbali na mlango, isikae sakafuni ikivuta vumbi la kila gari linalopita.

Tano, na hapa sitanii: usifungue pawa saplai yenyewe. Ndani yake kuna kapasita inayobeba zaidi ya volti 300, na inaweza kukaa nazo hata baada ya kung'oa plagi. Ikiwa ndiyo mbaya, badilisha nzima. Hiyo ni shilingi elfu moja na kitu ukipata ya mtumba, si elfu ishirini na tano.

Na stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, usiwe wa kwanza kukimbilia kitufe. Subiri dakika chache itulie.

Ninachotaka ni kidogo. Kila shule yenye chumba cha kompyuta, kila saiba, kila ofisi: bisibisi, brashi, pesti, mita, na pawa saplai moja ya akiba. Vyote ni chini ya bei ya viti vya wageni siku ya kukata utepe. Na kijana mmoja wa hapa hapa aliyefundishwa kufungua. Barabara ya Isiolo–Modogashe–Wajir–Mandera ilipangwa kujengwa ikiwa na faiba kando yake. Intaneti ikifika na mashine zote ziko stoo zikibeba chupa za chai, tutalaumu nani?

Yule msichana nimemwomba msamaha, ingawa hakuna aliyeniambia niombe. Alinijibu, "Walaal, nifundishe tu kufungua." Jumamosi iliyopita alibadilisha pesti yeye mwenyewe, na mkono wake ni mtulivu kuliko wangu.

Kuanzia wiki hii, kila Jumamosi baada ya asr, niko saiba ya abti. Leta maiti yako. Pesti unalipa, mikono ni bure. Ikiwa kweli imekufa, nitakuambia imekufa. Lakini nitakuwa nimeifungua.