Askari wa Kalamu, Mzigo wa Mlipa Kodi

Wananchi wa Bumala, Busia na Malaba, wapenda mageuzi na waumini wenzetu!

Kila tunapodai kwamba polisi waajiri raia zaidi kwa kazi za ofisini, tunaambiwa kuwa hazina haina fedha. Nasi twauliza: je, mpango uliopo ni wa bure? Askari aliyefunzwa Kiganjo kwa jasho la umma, akavishwa sare na kukabidhiwa bunduki, akiketishwa kuchapa barua, kutunza stoo au kupanga majalada, mlipa kodi hugharimia askari na kupewa karani. Karani wa kweli hahitaji bunduki, sare wala gwaride ili kuijua kazi yake.

Wanaoumia twawajua. Ni mama wa Bumala anayepigwa usiku, naye akikimbilia kituoni huambiwa kwamba hakuna askari wa kutumwa. Ni mchuuzi wa Busia anayevunjiwa kibanda, na dereva anayelala ndani ya lori katika foleni ya Malaba. Hawa hulipa kodi, kisha hulipa bawabu awalinde.

Hata hivyo, hatutakubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Karani akiajiriwa na askari akabaki kitini, tutalipa mishahara miwili kwa kazi moja. Sharti letu ni hili: kila raia anayeajiriwa amtoe askari mmoja ofisini, na askari huyo aonekane sokoni, barabarani na vijijini.

Kosa la kinyume chake limekwisha kutendeka kwingine. Serikali ya Uingereza ilipobana matumizi baada ya mwaka 2010, maelfu ya watumishi raia wa polisi wa England na Wales walipoteza kazi, kwa kuwa askari hawangeweza kuachishwa kwa njia hiyo. Kazi hazikwisha, baadhi zikawaangukia askari. Mwaka 2019 serikali iliahidi askari wapya 20,000. Idadi ikatimia mwaka 2023, lakini baadhi yao walijikuta mezani, wakifanya kazi za wale walioondolewa.

Liko na jambo linalotugusa sisi tunaoitisha mikutano. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara hauombewi tena leseni. Waandalizi humpa mkuu wa kituo taarifa, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Basi, anayeipokea barua hiyo ameshika mlango wa uhuru wetu. Karani aliyeingia kwa kijibarua cha mheshimiwa ataipoteza barua siku mheshimiwa atakapotaka ipotee. Kuokoa shilingi kwa kuajiri jamaa na makada ni kununua hasara.

Katiba ya mwaka 2010 haikutuacha gizani. Kifungu cha 232 chadai ushindani wa haki na ustahili katika kuajiri watumishi wa umma. Kifungu cha 244 chawataka polisi wazuie ufisadi na kukuza uwazi. Nacho cha 221 chailazimu kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi kuhusu makadirio ya matumizi, ambayo hufikishwa Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila kituo kitangaze ni askari wangapi wanaofanya kazi za karani, fundi na mpishi. Pili, nafasi za raia zitangazwe hadharani, na majina ya waliofaulu yabandikwe ukutani. Tatu, kila mwaka wananchi wasomewe barazani idadi ya askari waliorudishwa doria.

Ndugu zetu, kabla ya mwisho wa Aprili kila parokia na kila kikundi kiiandikie kamati hiyo, na nakala apewe mbunge. Waulizeni: kwa kila karani mtakayemlipa, ni askari yupi atakayeturudia?