Usiniambie Uko Njiani, Niambie Uko Wapi

Kuna uongo mmoja ambao hapa Kampala hakuna anayeuonea haya. Unaitwa "niko njiani." Mganda anausema: "ndi mu kkubo." Sisi tuliotoka Kivu tunausema: "niko mu njia." Aliyesoma Kifaransa anauvalisha suti: "niko en route." Maana yake inaweza kuwa mtu yuko ndani ya taksi pale Bugolobi, au anatafuta soksi, au bado yuko kitandani na simu yako ndiyo imemwamsha. Lugha tatu, uongo ule ule.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Luzira, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kungojana. Tunangoja ufunguo wa ukumbi, tunangoja mwalimu, tunangoja wageni wa mashirika, tunangoja vijana wenyewe. Kwa hiyo nimepata muda mwingi wa kulifikiria jambo hili na nataka kulisema bila kuzunguka. Kuchelewa si dhambi. Kunyamaza ndiyo dhambi. Na kadiri mtu anavyokuwa na uwezo zaidi wa kutoa taarifa, ndivyo kunyamaza kwake kunavyozidi kuwa kubaya. Najua hiyo sentensi ya mwisho itaniletea maneno, lakini nitafika huko.

Kwanza kuchelewa kwenyewe. Anayekaa Luzira anaijua Port Bell Road. Ukitaka kwenda mjini unapita Kitintale, unapita Bugolobi, na mvua ikinyesha unakaa palepale mnatazamana na malori. Taksi haiondoki stejini mpaka ijae. Mtoto anaweza kuamka na homa. Polisi anaweza kusimamisha boda yako. Haya yote nayasamehe, na wazee wetu waliyasamehe kabla yangu, ndiyo maana walisema kawia ufike. Lakini sijasikia mzee aliyesema kawia unyamaze.

Halafu kuna wale wanaojitetea kwa "saa za Kiafrika." Hao nawaomba waache kutusingizia bara zima. Nani amewahi kuchelewa futari? Basi la alfajiri la kwenda Mbarara halingoji mtu, na watu wako stendi usiku bado mweusi, na mizigo yao, na watoto wamelala mgongoni. Kule kambini, siku ya mgao, foleni imejipanga kabla jua halijatoka. Saa tunazijua vizuri sana. Tunachelewa pale tu tunapojua kwamba anayetungoja hana la kutufanya. Kwa hiyo mtu anapokuchelewesha saa mbili bila neno, ameshakuambia anakupima kilo ngapi.

Mwaka 2007 kule Côte d'Ivoire walifanya mashindano ya kumtafuta mtu anayewahi kazini kuliko wote, na mshindi akapewa nyumba. Sawa, apewe. Mimi ningempa nyumba yule aliyekwama kwenye jam akapiga simu kabla ya saa ya miadi kufika.

Wengine wananiambia mambo ya kupigiana simu kila dakika ni tabia ya wazungu. Yaya, hebu tuulizane: hodi ni ya wazungu? Sisi hatuingii nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Hatuondoki bila kuaga. Hata ukipita tu mlangoni pa jirani unasema "mama, napita." Maisha yetu yote ni kumjulisha mwenzako kwamba unakuja, umefika, unaondoka. Kumwambia kwamba utachelewa ni hodi ile ile, ila unaipiga kwa simu. Aliyeiacha ndiye aliyeacha mila.

Sasa, taarifa ya kuchelewa ikoje? Kwa vijana wangu nimeweka mambo matatu. Moja, uko wapi kweli, na jina la mahali: "niko Kitintale, gari limesimama." Mbili, utafika saa ngapi, na ukikadiria, ongeza, usipunguze. Tatu, wenzako wafanye nini bila wewe: waanze, wangoje, au waende nyumbani. Hilo la tatu ndilo watu wanalisahau, na ndilo lenye heshima kuliko yote, maana linamfungulia mtu mlango. Ukisema "nachelewa" tu, umemfunga palepale na kiti chake. Na taarifa ije kabla ya saa ya miadi. Ikija baadaye ni udhuru, na udhuru haumrudishii mtu asubuhi yake.

Kabla hatujalaumiana, tuhakikishe pia tunasoma saa moja. Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Sudan Kusini ilikuwa sawa na Uganda mpaka tarehe 1 Februari 2021, ikarudi nyuma saa moja nayo. Ukivuka Bunagana umepoteza saa nzima bila kuibiwa na mtu. Mgeni wa juzi ambaye saa yake ya mkononi bado ni ya Goma atachelewa saa moja kamili na ataapa kwamba amewahi, na kwa upande wake anasema kweli.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Kiswahili na Luganda vinahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, ofisi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ujumbe unakuja umeandikwa "kikao saa 9." Huyu amefika asubuhi saa tatu, yule amekuja alasiri saa tisa, na kila mmoja ana ujumbe kwenye simu kama ushahidi. Dawa yake haina gharama: andika "saa tatu asubuhi" kwa maneno, kila mara. Mtu asiitwe mvivu kwa sababu wewe umeandika tarakimu moja.

Najua watasema: vocha iko wapi? Swali ni halali. Kuanzia Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 hiyo ikaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Mwenye kuuza mandazi anazisikia pesa hizo. Na mpaka mwaka 2019, tume ya mawasiliano ilipoagiza kampuni za simu zikubali kitambulisho cha mkimbizi na barua ya usajili, wengi kati yetu tulikuwa na laini zilizoandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Akiichukua laini yake, umepotea.

Lakini mtu asiye na kitu bado ana njia. Sisi tumepatana: bip moja, nachelewa lakini nakuja, bip mbili, leo siji, anzeni. Haigharimu hata shilingi. Asiye na simu anamtuma mdogo wake, au anampa neno mtu wa boda anayekuja upande wetu. Nimeona kijana asiye na simu kabisa akituma neno kupitia watu wawili, na neno likafika kabla ya saa. Kwa hiyo mwenye simu mbili asiniletee habari ya mtandao.

Hapo ndipo ninapokuja kwenu, ndugu zangu wa mashirika. Najua mnalisoma jarida hili, na nawaandikia kwa heshima.

Shirika moja, ambalo sitalitaja, liliwaita vijana wangu thelathini saa tatu asubuhi. Wageni walifika saa saba na robo. Hakuna aliyepiga simu. Dereva alikuwa na simu, ofisa alikuwa na simu mbili, na vocha analipiwa. Waliposhuka walisema "poleni, jam," wakafungua kompyuta. Somo lilikuwa stadi za maisha, na namba mbili kwenye orodha ilikuwa kutunza muda. Mwisho karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, juu imeandikwa: kuanza, saa tatu.

Sisi wa mjini hatuna mgao. Tunakula tulichouza leo. Binti aliyekaa pale saa nne alikuwa ameacha wateja wa asubuhi, na mandazi ya asubuhi huwezi kuyauza saa tisa. Mwingine alimwachia jirani mtoto "mpaka saa sita tu," na jirani huyo hatamshika mtoto tena. Kijana mmoja wa kubeba mizigo alipoteza kibarua cha siku nzima. Simu moja ya dakika moja, saa mbili na nusu, ingeziokoa siku thelathini. Nyinyi wa Nakivale na Kyangwali mnaotembea kilomita kwa miguu hadi mahali pa kikao, kisha mnaambiwa "wageni hawaji leo," hamhitaji nieleze zaidi.

Sasa geuza. Mkimbizi akichelewa nusu saa kwenye miadi ya ofisi, faili linaandikwa "hakufika," na miadi nyingine inaweza kuwa baada ya wiki, au miezi. Ofisa akichelewa saa nne, faili lake liko wapi? Mmoja akichelewa ni tabia mbaya, mwingine akichelewa ni kazi nyingi. Huo si utaratibu. Huo ni ukubwa tu, na sisi tumeuzoea mpaka tunausaidia: tunasema "ndivyo walivyo," tunakaa.

Najua mna sababu. Gari halina mafuta, bosi ameita kikao cha ghafla, barabara imefungwa. Sikuombi sababu, nakuomba ujumbe. Na ujumbe wenyewe usiutupe usiku kwenye kundi la WhatsApp ukasema umetujulisha. Nusu ya watu kwenye kundi lile hawana data mpaka mwisho wa wiki, na hao ndio wataamka, watavaa, watalipa nauli, watafika mlango umefungwa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na yule aliyekuwa na orodha ya namba kwenye daftari ndiye aliyebaki na watu wake. Tuma ujumbe wa kawaida. Piga simu kwa watu watatu, nao wapige hodi kwa wengine. Na kila mnapotuona mtuulize kama namba yetu ni ile ile, maana laini zetu hazikai.

Na viongozi wetu wenyewe msicheke. Mwenyekiti wa jamii anayewaweka kina mama ukumbini tangu saa nane, akaingia saa kumi na moja akipungia mkono kama waziri, amejifunza kwa ofisa na anamfundisha kijana. Ndiyo maana nasema na vijana kwanza. Hawa ndio kesho watakuwa na gari, simu mbili na watu wa kungojesha.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana wiki hii. Kila kikao kiwe na namba moja ya kupiga, iandikwe kwenye mwaliko. Saa iandikwe kwa maneno. Anayechelewa aseme yuko wapi, atafika lini, na tufanye nini. Dakika thelathini zikipita bila neno, watu wawe huru kwenda kutafuta chakula cha watoto, na asiandikwe mtu "hakufika." Karatasi ya mahudhurio iandike saa ya kweli ya kuanza, hata kama itasomwa na wafadhili. Hasa kama itasomwa na wafadhili.

Na siku ambayo kikao kinachelewa kwa sababu yetu sisi, tupige simu kwanza. Hata kwa bip.