Pilau la Kambini Tamu, Ila Anayepika ni Nani?

Kuna picha moja ilizagaa kweli mitandaoni. Staa mmoja wa filamu za Bongo, mrembo mwenye wafuasi lukuki, kakaa mbele ya hema huko Lushoto, mwiko mkononi, sufuria la pilau linafuka mvuke, nyuma milima imefunikwa na ukungu. Mashabiki wakamwaga makopakopa, wengine wakaanza kuulizia mahari. Kumbe bwana, ule mwiko kaushika dakika mbili tu, za picha! Pembeni kabisa anaonekana dada mwingine kainama, mgongo na kanga kiunoni. Huyo ndiye mpishi. Tena si mfanyakazi wa mtu. Ni mmoja wa kundi, na mchango alitoa sawa na wenzake.

Hapo ndipo penye inshu. Siku hizi vijana wa mjini wakipanga kwenda kupiga kambi, kitu cha kwanza kwenye grupu la WhatsApp siyo hema wala blanketi, ni menyu. Pilau, kuku wa nazi, chapati, kachumbari, mbuzi wa kuchoma. Utadhani wanapeleka posa! Watu kumi, jiko moja la gesi la mtungi wa kilo 6 na gunia la mkaa kwa ajili ya shughuli ya ukumbini.

Haya, nani anamenya vitunguu? Nani anakuna nazi? Nani anaamka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Usambara inang'ata, kukanda unga wa chapati? Kwenye safari ile, saba walikwenda Irente kuangalia jua likizama. Watatu walibaki kambini na masufuria, na wote watatu ni wasichana. Wamesafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar kwenda kuangalia kitunguu kikibadilika rangi. Kitunguu hata Tandale kipo!

Masela watasema, "Sasa si wanapenda wenyewe kupika?" Acheni uongo. Dada wa watu hakuulizwa. Alikabidhiwa tu kisu, maana yeye "anajua". Ukijua kupika kwenye kundi la namna hii, umekwisha. Wengine wanakula bata, wewe unakula moshi.

Wapo watakaotoa mfano wa Kilimanjaro, kwamba mbona watalii kule wanakula supu, wali na nyama juu kabisa mlimani? Kweli, wanakula. Ila kule kuna mpishi na wapagazi ambao hiyo ndiyo kazi yao, na wanalipwa. Kundi la marafiki lisilo na mpishi wa kulipwa lisijifanyie mpishi wa bure kutoka kwa mmoja wao.

Na mlima wenyewe hauna huruma na mbwembwe. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Lushoto mjini, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi kama 95. Ndiyo maana maharage makavu huko yanakawia kuiva kuliko Kinondoni, na gesi inaishia njiani. Ukienda mbugani kama Mikumi, mabaki ya nyama na sufuria chafu lililoachwa nje ni kadi ya mwaliko kwa nyani na fisi.

Lakini wale wa upande wa pili nao wanazingua. Wanabeba krispi, biskuti na soda, wanasema "sisi tumekuja kupumzika". Saa nne usiku njaa inawakaba, wanaanza kuzunguka hema za jirani na visahani mkononi. Huo nao siyo ujanja. Mtu aliyepanda mlima mchana kutwa anahitaji kitu cha moto tumboni.

Dawa ipo, wala haihitaji kikao. Chakula kimoja cha moto jioni, chungu kimoja, basi. Kazi ngumu zinaishia nyumbani: maharage yachemshwe na kugandishwa kwenye friji, chapati zisukumwe na kuchomwa kabisa, vitunguu vikatwe, mayai yachemshwe. Nyama kama ni lazima, ikae kwenye barafu na iliwe usiku wa kwanza. Asubuhi chai, mayai, viazi vitamu na karanga zinatosha. Tena Lushoto ni shamba la mboga na matunda, sokoni karoti na kabeji zimejaa tele.

Halafu sheria moja ya kambi: aliyepika haoshi vyombo, na leo akipika huyu kesho anapika yule, awe na ndevu au hana. Mwanaume anayejisifia kuchoma nyama mbele ya kamera anaweza pia kusugua sufuria lililoungua, kamera ikiwa imezimwa.

Yule staa alivuna maelfu ya makopakopa. Yule dada alirudi Dar mikono inanuka vitunguu saumu, na kwenye simu yake hakuna hata picha moja ya Irente. Safari ijayo wakimwomba mchango, awaulize kwanza: anachangia kama msafiri au kama mpishi?

Je, kwenye kundi lenu nani hubaki na sufuria? Tiririka hapo chini.