Kikapu Kina Bei, na Hadithi Je?

Mama mmoja wa kikundi chetu hapa Nyarugusu anasuka vikapu. Mwaka jana kikapu chake kiliwekwa kwenye intaneti kiuzwe, na chini yake hadithi: alikimbia vita, alilia sana, kusuka kukamponya. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani siku ile. Mama alisema nini? Alisema alifundishwa na bibi yake kule Fizi, kabla ya vita, na kwamba kikapu chake hata ukitia unga haumwagiki. Hayo hayakuandikwa. Eti hayana machozi.

Nilipomsomea ile hadithi, alinyamaza, halafu akaniuliza, "Mwanangu, sasa huyu ni nani?"

Sikatai hadithi. Hadithi inauza bana, tusidanganyane. Mwaka 2009 Wamarekani wawili, Rob Walker na Joshua Glenn, walinunua vikorokoro vya bei ya chini, wakawaomba waandishi wavitungie hadithi, wakavinadi kwenye eBay. Vitu vya dola 128.74 vikaleta dola 3,612.51. Lakini sikilizeni vizuri: mnunuzi aliambiwa wazi kwamba hadithi ni ya kutunga, jina la mtunzi lilikuwapo, na pesa ya mauzo akapewa mtunzi.

Kwetu je? Hadithi nusu si yake, hakuulizwa, na alilipwa bei ileile ya kikapu kisicho na hadithi.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mtasema bila machozi mzungu hatoi pesa. Labda. Lakini anayenunua kwa huruma ananunua mara moja, basi. Anayenunua kwa sababu kikapu ni kizuri, na anajua kwa nini ni kizuri, atarudi kutafuta cha pili. Unga usiomwagika nao ni hadithi! Tena watoto wetu wana simu. Kesho watasoma mlivyomwandika mama yao.

Ninachodai si kikubwa. Kabla hamjaweka chochote, msomeeni mwenyewe kwa lugha yake. Akisema toa, toeni. Na hadithi ikipandisha bei, nyongeza apewe yeye.

Na nyie vijana wenzangu mnaotafsiri: nilinyamaza siku ile kwa sababu ya posho. Nimeona aibu. Msinyamaze kama mimi.