UJIRA WA MWANDISHI NI HAKI, SI SADAKA



Kanisa limefundisha daima kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni dhambi inayomlilia Mungu. Kwa waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, Baba Mtakatifu Leo XIII aliwatetea wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alieleza kwamba alichagua jina hilo hasa kwa ajili ya waraka huo, kwa kuwa akili mnemba imeleta mapinduzi mengine ya viwanda, na heshima ya kazi imo hatarini tena.

Mitambo hiyo hujifunza kwa kulishwa maandishi ya watu. Mwaka huohuo wa 2025 kampuni ya Marekani iitwayo Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, yaani takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu vipatavyo 500,000 ilivyovichukua kutoka maktaba haramu za intaneti. Hatua hiyo ni njema, lakini tuitazame vizuri. Fidia ilihusu nakala za wizi tu. Kuhusu kufundishia mitambo kwa vitabu vilivyonunuliwa, hakimu alikwisha kuamua kwamba sheria ya Marekani inaruhusu. Tena walistahili wale tu ambao vitabu vyao vilisajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo. Mwandishi wa Ndanda au Dar es Salaam aliyejisajili COSOTA peke yake hakuhesabiwa.

Wapo wasemao kuwa hata mwanafunzi husoma bila kumlipa mwandishi kila atumiapo alichojifunza. Ni kweli. Lakini mwanafunzi hasomi vitabu laki tano kisha akauza matunda yake duniani kote.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu: mwandishi aombwe ridhaa kwanza, kampuni zitangaze kazi zilizotumia, na ujira ulipwe, kazi iwe imesajiliwa Marekani au la. Serikali yetu iyatetee hayo katika sheria na mikataba.

Nasi tuanze nyumbani. Zipo parokia zinazotoa nakala za nyimbo na kuuza kanda bila kumkumbuka mtunzi. Halmashauri za walei zilijadili jambo hili na kulirekebisha, tusije tukaambiwa: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.