Namba Hudanganya, na Wanafunzi wa Takwimu Waambiwe Hivyo

Msemo huu wa "namba hazidanganyi" umenichosha. Nimeusikia tena majuzi kwenye sherehe ya kumpongeza binti wa jirani yangu aliyehitimu shahada ya takwimu. Mgeni rasmi, mzee mwenye heshima zake, alishika kipaza sauti akamwambia binti na wanachuo wenzake kwamba wana bahati kuliko wasomi wote nchini. Wanasiasa hudanganya, akasema, waandishi wa habari nao hudanganya, ila ninyi mmesomea kitu kisichodanganya. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wahitimu wenyewe, na hapo ndipo nilipokerwa.

Maana mgeni rasmi tunaweza kumsamehe, hakusomea. Hawa wamesomea. Wamekaa miaka mitatu darasani, na bado hakuna aliyewaambia kwa sauti kubwa kwamba namba haiteremki kutoka mbinguni. Namba huanza pale mtu mmoja anapomuuliza mwenzake swali, mara nyingi kizingitini, saa za jioni, muulizwaji amechoka na shamba, muulizaji ana kaya nyingine tano za kufikia kabla giza halijaingia. Lolote litakalotokea dakika ile ndilo litakalobebwa hadi mwisho. Wastani utalibeba, regresheni italibeba, na ramani ya rangi itakayoonyeshwa bungeni italibeba vilevile.

Anayedhani natia chumvi asome jaribio lililofanyika hapahapa Tanzania mwaka 2007 na 2008, ambalo Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao waliandika matokeo yake. Kaya takriban 4,000 katika wilaya saba ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manane, na kila kundi likaulizwa matumizi yake kwa njia yake. Wengine walitakiwa kukumbuka walichokula siku saba zilizopita, wengine siku 14. Wengine walipewa daftari waandike kila siku. Orodha ya vyakula ilikuwa ndefu kwa baadhi, kwa wengine ikafupishwa. Vijiji vilikuwa vilevile na mavuno yalikuwa yaleyale, lakini majibu yalipishana kiasi cha kubadilisha hata idadi ya watakaoitwa maskini.

Wakapima na ajira. Dodoso fupi, lile la kuuliza juujuu bila kupitia shughuli moja moja, lilipunguza idadi ya wanawake wanaohesabiwa kuwa wanafanya kazi. Wanaume nao, walipojibiwa maswali na mtu mwingine wa nyumbani badala ya kuulizwa wenyewe, walipungua kwenye hesabu ya wafanyakazi, hasa kwa sababu kilimo chao hakikutajwa. Maelfu ya watu wakiwa mashambani mwao, jembe mkononi, wanaweza kutoweka kwenye takwimu za taifa kwa sababu ofisi fulani iliona dodoso refu ni gharama. Hakuna mwanakijiji aliyedanganya pale. Namba ndiyo iliyodanganya.

Niliwahi kufuatana na wanafunzi waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo vijijini. Nyumba moja, mama aliulizwa kaya inatumia kiasi gani kwa chakula kwa wiki. Mumewe alikuwa ameketi kando. Mama akataja kiasi, kijana akaandika. Baadaye kidogo mume akaitwa na jirani, akatoka, na mama akamwomba kijana afute, akataja kiasi kingine kikubwa zaidi, kwa kuwa sehemu ya chakula aliinunua kwa fedha za kikoba ambazo mzee hazijui. Kijana yule alijifunza takwimu siku ile kuliko muhula mzima. Mwenzake nyumba ya pili alimaliza dodoso haraka na kusifiwa kwa kasi.

Nilipomweleza hili mhasibu mmoja tuliyekaa naye meza moja kwenye ile sherehe, alinijibu kwamba siku hizi kila kitu kinafanywa na kompyuta, na kompyuta haina upendeleo. Huu ni upuuzi. Kompyuta haijawahi kubisha hodi popote. Ukiipa uongo wa kaya elfu mbili, itakurudishia wastani wa uongo huo pamoja na desimali nne, na mtu wa aina ya mhasibu huyo ataona zile desimali na kuamini zaidi.

Naijua shida ya maisha ya vyuo hivi, na siwalaumu vijana peke yao. Mwanafunzi anaamka alfajiri kuwahi kimbweta, anasoma nadharia ya uwezekano kwa Kiingereza huku atakayemhoji kesho anazungumza Kinyakyusa au Kihaya. Bumu limechelewa. Kompyuta moja inatumiwa na watu wanne, na programu ya uchambuzi wamenakiliana kwa flashi. Ana hofu ya sapu, ana hofu ya kudisko, na mitihani inayomtisha yote inapima kama anaweza kuthibitisha kanuni kwenye karatasi. Hakuna mtihani unaopima kama anaweza kumfanya mama wa kikoba aseme kweli. Basi ukifika wakati wa utafiti wa mwaka wa mwisho, anakaa chini ya mwembe na wenzake, wanajaza madodoso 150 kwa kalamu za rangi tofauti. Kupika data, ndivyo wanavyoita, na wanaita waziwazi. Kisha mwenye kibanda cha steshenari anayetangaza ukutani kwamba anafanya uchambuzi anamalizia kazi kwa malipo. Kazi inapita, kwa sababu namba zimepangika vizuri, na namba, tumeambiwa, hazidanganyi.

Imani hii haiishii vyuoni. Mwaka 2010 Ghana ilisahihisha namna ya kukokotoa pato lake la taifa, na uchumi ukaonekana umekua kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2014 Nigeria ikafanya hivyo, uchumi wake ukaongezeka asilimia 89. Hakuna viwanda vilivyoota usiku ule. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, wachumi walikuwa wakisimama kwenye mikutano na kutaja pato la nchi hizo kwa uhakika wote.

Na sisi tulikwenda mbali zaidi, tukaitungia imani hiyo sheria. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazokinzana na zile rasmi. Ilibidi irekebishwe tena 2019. Wapo wasomi wa fani hii walionyamaza kipindi chote hicho. Mtu aliyefundishwa kwamba namba haikosei atapata wapi ujasiri wa kudai ikaguliwe?

Kuna watakaosema nawavunja watu imani na Sensa. Sivyo. Sensa ya Agosti 2022 ilitupatia watu 61,741,120, nami naiamini. Naiamini kwa sababu ya makarani waliopita mtaa kwa mtaa na vishikwambi, wakarudi tena na tena nyumba iliyofungwa, wakawasubiri wavuvi na wachungaji. Wakifanya kazi hovyo safari ijayo, sitaiamini, hata ikiwa na tarakimu nane kama hii.

Tuna chuo kizima cha kazi hii, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Changanyikeni, kilichoanzishwa 1961, na kuna idara za takwimu katika vyuo vikuu vyetu kadhaa. Kwa hiyo walimu tunao. Ninachotaka ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kabla hajafundishwa kubofya programu yoyote, apelekwe vijijini muhula mzima na dodoso la karatasi, arudie kaya zilezile kwa maswali yaliyopangwa tofauti, aone kwa macho yake majibu yanavyobadilika, kisha asimamishwe mbele ya walimu wake aeleze ni lipi kati ya majibu hayo analiandika na kwa nini. Asiyeweza kueleza arudie mwaka, hata kama ana A ya kalkulasi.