Sura ya Tupac haijichori yenyewe

Nganya mpya ikitoka gereji hapa Nairobi, watu wakiizunguka kuipiga picha, hakosekani mjuaji wa kusema: "Ah, hiyo ni mashine tu, jamaa amenakili picha." Samahani, wadau, hapo mimi napinga.

Hebu tuitazame hiyo mashine. Eabrashi ni kifaa kama kalamu, kimeunganishwa kwa mpira na kompresa. Ile inayotumika kuchora sura, ukibonyeza kitufe inatoa hewa; ukikivuta nyuma, sindano inarudi na kuachia rangi. Vuta kidogo ukiwa karibu, unapata mstari mwembamba kama unywele. Vuta zaidi na usogee mbali, unapata wingu. Ncha haigusi bati kabisa. Kwa hiyo kila kitu ni kidole, umbali na mwendo wa mkono. Ukizubaa kidogo tu rangi inachuruzika, na Bob Marley analia bila kufiwa!

Na ngozi je? Uso wa Mwafrika haupakwi rangi nyeusi ukaishia hapo. Unajengwa tabaka jepesi juu ya jingine: kahawia, nyekundu, njano, buluu kidogo kwenye kivuli, kisha mng'ao wa paji la uso. Kama huko ni kunakili, basi hata sisi waandishi wa habari tunanakili tu maneno ya watu.

Tena, kifaa hiki kilipozaliwa Marekani katika miaka ya 1870, kazi yake kubwa ilikuja kuwa kurekebisha na kutia rangi picha za kamera. Yaani kamera ndiyo iliyokuwa ikiomba msaada!

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Kwa sababu neno "mashine tu" lina bei yake. Mwenye gari anapatana na mchoraji kama anayepakiwa rangi geti, ingawa anajua kuna vijana wanaoacha gari tupu lipite wakisubiri lenye michoro. Bei ikibanwa, cha kwanza kukatwa ni kinga. Mchoraji anajifunga leso puani, anapuliza siku nzima. Vanishi nyingi za magari, zile za kuchanganya kopo mbili, zina isosianeti, kemikali inayojulikana kuwapa mafundi pumu. Leso haizuii mvuke huo.

Sanaa hii imeshapita mengi. Kanuni za Michuki za mwaka 2004 zilileta mstari wa njano na kuibana michoro, lakini wachoraji walirudi. Itakuwa aibu waliostahimili serikali waje kushindwa na mapafu yao.

Basi wenye magari, mkipatana bei, hesabuni msanii, si mashine. Barakoa ya kweli na mahali penye hewa viwe ndani ya hesabu hiyo. Na jina lake liandikwe kando ya uso aliouchora, lisomeke.

Nawasilisha.